Sikupiga simu ubalozini, niliomba namba tu

Niliweke sawa hili kabla halijafika kwa mama yangu. Sikupiga simu ubalozi wa Ethiopia. Niliomba namba tu, tena kwa dada wa mapokezi, tena kwa sauti ya chini. Yule jamaa yangu wa uhasibu aliyewarushia humu kwenye grupu ile voisi, anacheka mpaka anapaliwa, kaongeza chumvi, pilipili na ndimu juu. Eti nilikwenda kituo cha polisi kuripoti semi limetoroshwa nje ya nchi. Muongo mkubwa. Niliishia getini. Mlinzi ndiye aliyenirudisha, kasema bosi ananiita.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa, na mkicheka chekeni mkijua mimi ni mtu mwenye familia.

Ule mfumo wetu wa kompyuta wa stoo na magari mnaujua, nimewasumbua nao humu tangu tulipoanza kuushonesha. Nasema kuushonesha kwa sababu haukununuliwa ukiwa tayari. Vijana walikuja godauni Vingunguti, wakakaa na sisi, wakatuuliza mzigo unatokaje bandari kavu, unapokelewaje, nani anasaini, katoni ya dawa ya meno ina dazeni ngapi, gari likitoka nani anajua limefika. Kabla ya hapo maisha yetu yalikuwa kwenye kaunta buku tatu na faili moja la Excel ambalo kila mtu alikuwa na toleo lake. Mauzo wana lao, mimi nina langu, uhasibu wana lao, na hakuna mawili yaliyowahi kukubaliana.

Tatizo langu na mfumo lilikuwa moja: hasi. Mzigo unashuka usiku, mimi nimechoka, hati ya kupokelea nitaiingiza asubuhi. Asubuhi kabla sijanywa chai, watu wa mauzo wameshakata ankara ya mzigo uleule. Mfumo unaona mzigo umetoka ilhali haujaingia, unaandika: dawa ya meno, hasi 40. Ukimweleza mtu wa stoo anakuelewa. Mweleze bosi. Bosi akiona alama ya kutoa mbele ya namba, yeye anasoma neno moja tu, wizi. Aliniita ofisini, akaniuliza, "Hizi katoni 40 ambazo hatuna, umeuza ukazitoa wapi?" Nikaanza kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi mwenye elimu.

Kwa hiyo kwenye kikao na wale vijana nikapiga meza. Nikasema sitaki kuona hasi. Kijana mmoja mpole, mwenye laptopu iliyojaa stika, akaniuliza, "Usizione kwenye stoku, kaka?"

"Popote."

"Popote kabisa?"

"Kwenye mfumo mzima. Hasi ife."

Akaandika. Hilo neno popote mlishike, mtalihitaji.

Basi ikafika siku ya kuonyesha mfumo. Bosi anataka mkopo wa kuongeza malori, kawaalika watu wa benki wawili, kaka mmoja mnene wa tai nyekundu na dada mmoja wa miwani. Nani wa kuwaonyesha? Mimi. Nilivaa shati la harusi ya dada yangu. Jana yake usiku vijana walikuwa wameunganisha vile vifaa vya kufuatilia magari na ramani, na hiyo ndiyo ilikuwa kete yangu ya mwisho. Nilianza na stoku, nikaonyesha mzigo unavyopangwa ili unaokaribia kuisha muda utoke kwanza, nikaonyesha katoni ikipigwa mwale wa skana pale mlangoni inavyojisoma yenyewe. Benki wanatikisa kichwa. Bosi anatabasamu, na bosi wetu akitabasamu ujue kuna watu wa nje.

Hapo ndipo nikasema ile sentensi ambayo jamaa wa uhasibu ameifanya mlio wa simu yake. Nilisema, "Ndugu zangu, mtu anadanganya, karatasi inadanganya, mfumo haudanganyi."

Halafu nikabonyeza *Gari Lilipo*.

Semi letu lilitoka alfajiri kwenda Mbeya. Limebeba dawa ya meno, nepi, na kwa wingi zaidi, sodo. Dereva ni mzee wetu mmoja tunamwita Babu Kona, yuko barabara hiyo ya Zambia tangu wengine tunavaa kaptula. Kwa hesabu yangu muda ule angekuwa ameshapita mizani ya Vigwaza na yuko Morogoro.

Ramani ikaanza kujichora ukutani. Bando la ofisi mnalijua. Kinakuja kipande cha juu kulia, tunasubiri. Kinakuja kipande cha chini, cha kijani. Katikati pako kijivu. Kisha kidoti chetu kikatokea, kinapepesa, kizuri kabisa. Halafu pembeni ya kidoti, herufi moja moja machoni pangu, pakaandikwa: Sodo.

Jamani. Ningefanya nini? Gari limebeba sodo, ramani imeandika Sodo. Nikageukia wageni kwa kujiamini ambako sijawahi kuwa nako hata siku ya mahari, nikasema, "Kama mnavyoona, mfumo hauonyeshi gari tu. Unaonyesha na aina ya mzigo uliomo."

Kaka wa tai akasema, "Aah!" Akaandika kwenye daftari lake. Kaandika! Bosi akanitazama kwa jicho la mtu anayefikiria kukupandisha cheo.

Dada wa miwani akasogea mbele. "Na hapa chini, Arba Minch, huu ni mzigo gani?"

Nikatazama. Kweli pameandikwa Arba Minch. Mimi naijua stoo yangu mpaka kona aliyolala paka, na Arba Minch sijawahi kuipokea. Lakini mdomo wangu haukunisubiri. Ukasema, "Hiyo ni chapa mpya."

"Chapa ya nini?"

"Ya... nepi."

Nyuma nikasikia mtu anakohoa. Ni yule wa uhasibu. Alikuwa ameshaelewa, akaamua kukaa kimya afaidi. Ndio marafiki nilionao.

Ili kukimbia lile swali nikaamua kuvuta ramani iwe ndogo, waone barabara yote ya kwenda Mbeya. Nikavuta. Barabara ya Mbeya haikuonekana. Nikavuta tena. Ikatokea rangi ya kahawia ya milima mingi, majina ya ajabu ajabu, halafu juu kabisa, kwa herufi nene ambazo hata aliyeacha miwani nyumbani angezisoma: Addis Ababa.

Feni ya darini ikaendelea kuzunguka. Nadhani ndicho kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi mle ndani.

Bosi akasema taratibu, "Gari langu liko wapi?"

Hapa mtu mwenye akili angefunga laptopu akasingizia umeme. Mimi nilishatangaza kwamba mfumo haudanganyi, kwa hiyo aliyebaki kudanganya ni Babu Kona. Nikachukua simu, nikampigia, nikaweka spika kubwa ili kila mtu asikie mwizi anavyokamatwa.

Ikaita mpaka karibu ikatike. Akapokea. Nyuma yake kuna taarabu na masufuria.

Nikaanza kwa ukali: "Shikamoo Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vipi, kuna tatizo?"

"Babu, uko wapi?"

"Niko Moro hapa, Msamvu, napata chakula kidogo."

Nikawatazama wageni kwa uso wa kuwaambia mnamsikia? Nikamwambia, "Babu, mimi nakuheshimu. Usinidanganye. Nakuona hapa uko Ethiopia."

Kimya. Taarabu ikaimba ubeti mzima.

"Mjukuu wangu," akasema, kwa ile sauti ya upole wanayoongea wazee na mgonjwa, "umekula?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Mimi nikazidi kukaza. Nikamwambia anithibitishie. Akasema subiri, nikasikia anaita, "Mama, hebu mwambie huyu kijana hapa ni wapi." Ikaja sauti ya mama ntilie, mchangamfu: "Hapa Msamvu, kaka! Wali umebaki kidogo, uje na haraka!" Kisha utingo akatuma picha. Babu Kona na sahani ya wali maharage, nyuma milima ya Uluguru imesimama yote, haijakosa hata kilele.

Na bado, wallahi, bado nikasema mbele ya benki, "Hata Ethiopia kuna milima."

Hapo ndipo uhasibu akaona amefaidi vya kutosha. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani. Semi limetoka hapa alfajiri, sasa hivi ni saa tano. Kenya limeipita saa ngapi?"

"Labda limepita njia za panya," nikajibu.

"Na mzigo huo hautaisha muda mapema," akaendelea, hana haya, "kwa sababu kule mwaka wao uko nyuma yetu miaka saba au minane."

Nikatoka. Huko nje ndiko kulikotokea suala la namba ya ubalozi, na safari ya getini. Tusikae sana huko.

Niliporudi, yule kijana mpole alikuwa amesimama mbele ya ukuta, stika zake kifuani, anaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma risala msibani. Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yetu, yaani namba inayoonyesha uko mbali kiasi gani na Ikweta, popote ulipo ina alama ya kutoa. Morogoro ni hasi 6.8. Kifaa cha kwenye gari kilituma hasi 6.8 vizuri tu, kikafika kwenye mfumo, mfumo ukaona alama ya kutoa, ukakumbuka amri, ukaikwangua. Ikabaki 6.8. Gari likaruka Ikweta, likaruka Kenya nzima, likatua upande wa pili umbali uleule, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwenye sahani ya Babu. Na mji ulioko pale, kusini mwa Ethiopia, ndio unaitwa Sodo. Na jirani yake kweli ni Arba Minch, ambao hautengenezi nepi zangu.

Akanigeukia. "Kaka, ulisema popote."

Kisha, sijui nani alimtuma, akafungua magari yote. La Mwanza liko Uganda, juu kidogo ya Lira. La Arusha liko Kenya, mashariki mwa Ziwa Turkana. Lililosubiri foleni Tunduma liko Sudan Kusini. Dada wa benki akauliza, na kusema kweli lilikuwa swali la msingi, "Na godauni lenyewe?" Kijana akabonyeza. Sisi sote, pamoja na bosi, projekta na soda za wageni, tulikuwa nje kidogo ya mji unaoitwa Dodola. Nao uko Ethiopia.

Mengine yalikwenda haraka. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko wageni kumaliza soda, kwa sababu kumbe ni mstari mmoja tu. Kaka wa tai aliufuta ukurasa wake wa daftari, nilimwona. Benki walisema watatupigia. Ila mfumo ulikuwa umeshatuma meseji kwa wateja wote wenye mzigo njiani, maana na hilo nililidai mimi, mteja asiwe anauliza uliza. Mama yetu mmoja wa jumla Mbeya akapiga simu: "Mwanangu, mimi nimelipia sodo, naambiwa sodo ziko Sodo, mnanitania au mnaniibia?" Nikampa bosi aongee naye. Bosi akanirudishia simu bila kuongea.

Hapa kazini sasa hivi naitwa Balozi. Mlinzi ananipigia saluti. Kwenye mlango wa stoo mtu kabandika karatasi, *Visa saa mbili hadi saa sita*, na mwandiko naujua, ni wa uhasibu.

Babu Kona karudi jana. Nilimfuata kwenye gari kumwomba radhi kiutu uzima, akanishika bega, akasema yameisha mjukuu wangu, wala usijali. Nikafurahi. Leo asubuhi nimekuta fomu yake ya madai juu ya meza yangu. Anadai posho ya safari ya nje ya nchi, kwa dola. Kiambatisho ni ripoti iliyotoka kwenye mfumo, ina tarehe, namba ya gari na jina la mji, na chini pale kwenye *Imethibitishwa na* kuna jina langu. Uhasibu ameshaigonga muhuri.