Mtoano wa bao unawanyima watu alama zao

Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, nilimtazama mzee mmoja akifungwa raundi ya kwanza ya mashindano ya bao. Kura ilimpa mtu ambaye jioni ndiye aliyetwaa ubingwa. Walikaa karibu saa nzima. Mstari wa nyuma wa mzee ulikuwa umejaa kete, wa mbele ukamwishia, basi. Akatafuta viatu vyake akaenda na sifuri, sawasawa na kijana wa ubao wa pili aliyefungwa upesi, kete zingali mkononi.

Wanaoutetea mtoano wana haki yao. Ni rahisi kuuelewa, na watazamaji wanajua kila mchezo ni kufa kupona. Tena hakuna nafasi ya kumwachia rafiki mchezo, maana aliyeshindwa hana raundi nyingine ya kugawa. Hilo silipuuzi.

Lakini tazama bahati inapokaa. Kwenye bridge, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, vilabu huchezesha karata zile zile meza zote, na kila jozi hupata alama kwa kulinganishwa na wengine walioshika karata hizo hizo. Aliyegawiwa mbovu haonewi. Bao halihitaji dawa hiyo: kila mtu ana kete 32, 10 ubaoni na 22 mkononi. Bahati iliyobaki kubwa ni ya kura, na mtoano unaiachia ikuamulie siku nzima.

Njia ya pili ya kuendesha mashindano ni kuwapanga wenye alama sawa wakutane kila raundi, ushindi mmoja alama 1, bila kumtoa mtu. Wengi huiogopa wakidhani itakula siku tatu. Wanaichanganya na ligi ya kila mtu na kila mtu, ambayo kwa wachezaji 16 ni michezo 120. Hii ni michezo 32, kwa raundi 4. Na mtoano wa watu 16 ni raundi ngapi? Ni 4 vile vile! Tofauti ni kwamba mbao 8 zinafanya kazi mpaka mwisho badala ya kupungua 8, 4, 2, 1. Waamuzi wataongezeka, na ubao mmoja wenye mchezo mrefu utawachelewesha wote. Gharama hiyo ipo.

Fainali nayo haipotei. Bao halina sare, kwa hiyo baada ya raundi 3 wanabaki wawili wasiofungwa, nao ndio wanaokutana. Mwisho mmoja ana alama 4, wanne wana 3, sita wana 2, wanne wana 1, na mmoja tu ndiye mwenye sifuri. Kwenye mtoano, wanane hurudi nyumbani na sifuri.

Hao wanne wa alama 3 hutenganishwa kwa kujumlisha alama za wapinzani waliokutana nao. Mzee wa Mkunguni angefungwa vile vile asubuhi ile, ila angebaki na raundi tatu za kucheza, na zile alama 4 za bingwa zingehesabiwa upande wake.