Mvua ya Kisarawe, mafuriko ya Jangwani

Masika yakikolea, mkazi wa bondeni Dar es Salaam hutazama mawingu ya juu ya paa lake ili aamue kama usiku huu atalala au atahama. Mawingu hayo hayamwambii mengi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye milima ya Pugu, upande wa Kisarawe. Maji yanayoingia ndani Kigogo au Jangwani huenda yalinyesha huko saa kadhaa zilizopita, ilhali mtaani kwake mvua imeshakatika.

Na chini kuna bahari. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, bahari ya Dar hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Mto uliofura ukifika daraja la Salenda, unapoingia baharini, wakati huo haupati pa kumwaga, hivyo maji yanatanda bondeni. Saa kumi alfajiri watu wamelala fofofo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kujiandaa kwa mafuriko ni kazi ya shina na mtaa kabla ya kuwa kazi ya mkoa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, na inafaa kuzifuata. Lakini tangazo linataja mkoa mzima. Haliwezi kusema nyumba ya mwisho kule bondeni itoke saa ngapi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 Dar es Salaam, na masika mengi yaliyofuata yaliwakuta watu palepale.

Mjumbe wa shina na mwenyekiti wa mtaa waanze na kopo la rangi. Tafuta kizingiti cha nyumba iliyo chini kuliko zote. Kwenye nguzo ya daraja la karibu, piga mstari mwekundu nusu mita chini ya usawa wa kizingiti hicho, na wa njano mita nzima chini ya kizingiti hichohicho. Vijana wawili wapokezane zamu na tochi, wakiangalia kila nusu saa. Maji yakigusa njano, wazee, wajawazito, watoto na wagonjwa wanaondoka. Yakigusa nyekundu, hakuna anayebaki. Awepo pia mtu wa kupigiwa simu huko Pugu au Gongo la Mboto, aseme mto umekaaje. Ishara iwe filimbi au kengele, kwa sababu usiku wa mvua umeme hukatika na simu huzimika.

Daftari la mjumbe huwa na kasoro moja kubwa: linaandika mwenye nyumba na kuwaacha wapangaji. Chumba cha uani chenye mama na watoto watatu hakimo. Andikeni kila chumba, na kila asiyeweza kutembea apangiwe watu wawili wa kumbeba, kwa majina.

Wengi hawatoki kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo ina msingi. Pangeni ulinzi wa polisi jamii mwanzo wa mtaa, la sivyo amri ya kuhama haitasikilizwa. Aliyetoka asirudi kufuata godoro. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo. Chini yake kuna mitaro na mashimo ya vyoo yaliyofunuka.

Kabla ya kutoka, zima swichi kuu kama umesimama pakavu. Ukiwa umeloa usiiguse. Funga valvu ya mtungi wa gesi. Kitambulisho cha NIDA, leseni ya makazi, kadi ya kliniki na noti ndogondogo viwe tayari ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, maana mtandao ukianguka wakala hatakusaidia.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano kwa siku tatu inahitaji lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Madumu yenye kifuniko, si ndoo za wazi, nayo yakae juu ya meza au yatangulie kwa ndugu aliye mlimani.

Kuna jambo linaloniumiza kuliko yote: kutapisha vyoo mvua inyeshapo. Mtu anafungulia shimo lake kwenye mtaro ili mafuriko yalisafishe bure, na kinyesi kinaingia kwa jirani wa chini na kwenye kisima chake. Hivyo ndivyo kipindupindu kinavyosambaa. Mtaa uweke faini na uitoze, hata kama mkosaji ni mjumbe mwenyewe.

Mkirudi, chujeni maji kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha myachemshe mpaka yatokote dakika nzima. Akianza mtu kuharisha, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Anyweshwe kidogokidogo akiwa njiani kwenda zahanati, asisubirishwe nyumbani mpaka kesho.