Flashi yako haichomekwi hapa

Nina steshenari ndogo Moshi, jirani na stendi. Ukutani nimebandika karatasi: FLASHI HAZICHOMEKWI MASHINE YA KAUNTA. Wateja hawaipendi. Wiki iliyopita dada mmoja aliyekuwa anawahi basi la Arusha aliniuliza, "Kaka, kwani flashi yangu ina kipindupindu?"

Labda haina. Ila mimi nilishaumia. Mwanafunzi alileta ripoti yake ya fildi, nikachomeka flashi, nikakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, yaani njia za mkato tu, kila moja KB 1. Nikabofya. Kumbe kubofya ndiko kunakokiamsha kirusi, na kikishaingia kinajinakili kwenye kila flashi inayofuata. Mpaka nafunga duka jioni nilikuwa nimewagawia wateja ugonjwa, na hela ya kuprinti nimewachaji. Ripoti ilikuwa imefichwa tu humo humo. Amri ya Windows iitwayo attrib ikaifichua. Wale niliowaambukiza sikuwapata tena.

Fundi akasema weka antivairasi. Nimeweka, lakini siitegemei peke yake. Mwaka 2014, huko Las Vegas, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba programu iliyomo kwenye chipu ya flashi inaweza kuandikwa upya, flashi ikajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi. Kompyuta gani inaikatalia kibodi? Inaaminiwa papo hapo, inaanza kujiandikia amri mbio mbio. Antivairasi inakagua mafaili, na hila hii imekaa ndani ya chipu. Hata ukifomati, haigusiki.

Sidhani wanafunzi wetu wanatembea na vitu hivyo. Kinachotutesa huku bado ni shotikati. Lakini kaunta ndiko zilikolala hesabu zangu zote na nywila ya TRA, kwa hiyo sibahatishi. Hata anayeomba kuchaji simu kwenye kompyuta namwelekeza soketi ya ukutani.

Flashi zinaingia kwenye mashine kuukuu ya pembeni: ina Linux badala ya Windows, haina intaneti, printa yake iko hapo hapo. Kirusi cha shotikati kimeandikiwa Windows, pale hakina pa kushika. Nimeweka na programu ya ulinzi, USBGuard, kwa hiyo kifaa kigeni kinakaa nje mpaka nikiruhusu, na flashi ikidai ni kibodi naiona.

Ubaya wake ni uzee. Yule dada alisimama dakika nne mashine ikiwaka, jicho kwangu, jicho stendi. Kurasa sita. Akalipa, akachukua flashi yake, akaondoka bila kuniaga.