Ribiti za Spitfire Zisisuguliwe Zote

Kuna ubishi mmoja kati yetu sisi tunaounganisha modeli za ndege ambao sijapata kuuona ukiisha: je, modeli ya zamani, ambayo ribiti zake (vile vipini vinavyoshikanisha bati za ndege) zimetokeza juu ya plastiki kama vipele, isuguliwe kwa msasa hadi iwe laini kisha ichongwe mistari upya, au iachwe jinsi ilivyotoka kiwandani? Wengi siku hizi husugua kila kitu. Mimi nashikilia kwamba, kwa Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, jibu limo katika ndege yenyewe, na kwamba anayesugua kila kitu amekosea kama yule asiyegusa chochote.

Modeli iliyo mezani kwangu hapa Kisumu ni Spitfire Mk I, yaani toleo la kwanza, ya kipimo cha 1 kwa 24, ambayo Airfix, kampuni ya modeli ya Uingereza, waliitoa mara ya kwanza mwaka 1970. Kwa kipimo hicho, mabawa ambayo katika ndege halisi yana mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha huwa karibu sentimita 47, na ndiyo sababu meza ya chakula ilihamia chumbani kwangu, jambo ambalo mke wangu hajalisahau. Injini ya Merlin ya silinda 12 huundwa kipande kwa kipande, na bunduki 8 zimo ndani ya mabawa. Kwa mtu aliyezoea modeli ndogo zinazotoshea kiganjani, hiki ni kitu cha kumweka macho usiku kucha.

Mpwa wangu alipokuja likizo aliinama juu ya kiwiliwili cha ndege, akapitisha kidole taratibu kutoka penye chumba cha rubani hadi mkiani, kisha akauliza, "Mjomba, hizi chunusi utazitoa lini?" Swali lake lilikuwa na haki. Nikikadiria kwamba ribiti moja ya plastiki imetokeza robo ya milimita, basi katika ndege halisi ingekuwa na kimo cha milimita 6, yaani kama punje nzima ya njegere kavu, na hakuna mhandisi ambaye angekubali kuirusha ndege yenye njegere mwili mzima.

Ila wahandisi wa Spitfire waliwahi kuirusha. Ndege ya majaribio ya Spitfire, K5054, iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na ngozi yake ilikuwa na ribiti zilizozamishwa hadi zikawa sawa na bati. Kazi ya kuzamisha ribiti ni ya polepole na ya gharama, kwa hiyo ikatakiwa kujulikana ni wapi hasa ribiti za kawaida, zenye kichwa cha mviringo, zingeweza kutumika bila kuipunguzia ndege mwendo. Wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa nusu, wakazibandika kwa gundi juu ya kila ribiti, wakairusha ndege, nayo ikapoteza kasi ya kiasi cha kilomita 35 kwa saa. Baada ya hapo wakawa wanazibandua safu baada ya safu na kuirusha tena, hadi wakafahamu sehemu zinazodhurika na zile zisizodhurika. Sijui majaribio mengine ya kihandisi ambayo mama mboga yeyote wa soko la Kibuye hapa Kisumu angeweza kuyahudumia kutoka kwenye gunia lake.

Matokeo yalikuwa kwamba Spitfire za miaka ya mwanzo ziliundwa zikiwa na mabawa laini, lakini kiwiliwili kikabaki na ribiti za kichwa cha mviringo. Hapo ndipo ninapoegemea. Katika modeli yangu nimekiacha kiwiliwili na vipele vyake, nikivipunguza tu kimo kwa msasa mwembamba uliolowa maji, mkono ukipita mara mbili tatu bila kukandamiza. Mabawa ndiyo ninayoyasugua kwelikweli, hasa ukingo wa mbele unaokata upepo, hadi ribiti zibaki kama vivuli vinavyoonekana taa ikiwashwa kwa ubavu.

Wapo watakaosema kwamba modeli ya mwaka 1970 ni kitu cha kale ambacho hakifai kuguswa kwa msasa hata kidogo, au hata kufunguliwa boksi. Hoja hiyo hainiingii akilini. Plastiki hii ilimiminwa ili iunganishwe, na kila mwaka inaopita ndani ya boksi, stika zake za kulowesha majini zinazidi kugeuka manjano na kukatika. Zangu nilizibandika kwenye kioo cha dirisha linalotazama magharibi kwa majuma mawili, na jua la Kisumu likaufuta umanjano wote bila malipo. Kisha nikazipaka vanishi isiyo na rangi kabla ya kuzitia majini, kwa maana stika kuukuu isipokingwa hivyo huvunjika vipande vipande juu ya bawa.

Kosa langu kubwa halikutokana na ribiti. Kwa kukosa rangi za modeli hapa mjini, nilimwendea fundi wa kupuliza rangi za magari, naye akanichanganyia kijani iliyokoza na kahawia ya udongo vizuri ajabu. "Mzee, usimwage tina nyingi," alinionya, nami nikamwaga. Tina ya magari hula plastiki ya aina hii; chini ya bawa la kulia plastiki ililainika ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Ilinibidi nijaze puti, nisubiri siku mbili, kisha nisugue upya, na pale ribiti zote zimepotea, za haki na zisizo za haki. Afadhali ajali hiyo ilitokea kwenye bawa.

Bawa la kushoto limekamilika. La kulia bado lina safu sita karibu na ncha, na mpwa wangu ameomba azisugue yeye akirudi Agosti, kwa sharti kwamba kiwiliwili hakigusi.