Kwako Inasoma Ngapi?

Mimi sina ugomvi na teknolojia. Ugomvi wangu ni wa nauli, na kwa kuwa siku hizi nauli inakaa ndani ya simu, nimejikuta nikiigombeza simu barabarani kwa sauti kubwa hadi wapita njia wananipisha. Vijana wa ofisini kwetu wananituliza kwa kuniambia, "Mzee, tasnia imekomaa." Ndiyo maneno yao: usafiri wa mtandaoni umekomaa. Nami nawajibu kwamba nimeona, maana kila unavyozidi kukomaa, pochi yangu ndiyo inayosinyaa.

Wengi wamesahau ulivyokuwa ukiwa mchanga. Uber, kampuni ya Marekani ya kuita teksi kwa simu, iliingia Dar es Salaam Juni 2016, mwezi mmoja tu baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza kazi, na kwa muda mfupi mji mzima ulitembea kidari mbele. Kabla ya hapo, aliyetaka teksi alikwenda kijiweni, chini ya mwarobaini, akapimwa. Narudia: akapimwa. Dereva hakujali umbali unaokwenda. Alitazama viatu vyako, mzigo wako, saa yako ya mkononi na jinsi unavyohema. Mwenye haraka alilipa bei ya haraka, mwenye suti alilipa bei ya suti, na aliyefika usiku amemshika mgonjwa mkono hakutajiwa bei kabisa, bali aliambiwa tu, "Panda, tutaelewana," na mwisho wa safari hawakuelewana.

Mtu huyo aliyezoea kupimwa ndiye aliyeletewa gari dogo lenye kiyoyozi hadi mlangoni, bei ikiwa imeandikwa kabla hajamaliza kufunga viatu, na dereva akitoa shikamoo huku akimfungulia mlango. Tukapewa ofa juu ya ofa. Ukimwalika jirani ajiunge, yeye anapanda bure na wewe unapunguziwa safari yako inayofuata. Mimi nilialika mtaa mzima, nikamwalika imamu wa msikiti wetu, nikamwalika na shangazi yangu wa Kilosa ambaye hata mjini hakai.

Biashara changa ya mtandaoni ina tabia za bwana anayeposa. Anakuja na sukari, anakuja na kanga doti nzima, anamsalimia bibi, anamsalimia mjomba, na hata paka wa nyumba anaitwa shemeji. Wazee wenye busara huuliza fedha zote hizo zinatoka wapi. Sisi hatukuuliza, kwa sababu tulikuwa tumeshakaa siti ya nyuma na kiyoyozi kinapuliza.

Majibu yalikuwapo, tena hadharani. Juni hiyohiyo ya 2016, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia ulitangaza kutia dola bilioni 3.5 katika Uber. Kwa hiyo, siku zile nilipokuwa nikitoka Tabata hadi Mwenge kwa nauli isiyotosha kununua hata kilo moja ya nyama, mafuta ya Waarabu yalikuwa yakinisukuma mara mbili: mara moja kupitia tangi na mara ya pili kupitia nauli. Mwaka 2019 kampuni iliuza hisa katika soko la New York, na mwaka huo ukaisha kwa hasara ya dola bilioni 8.5. Hasara hiyo nilichangia kwa moyo mkunjufu. Kila nilipotumia nusu bei kwenda kula mihogo Coco Beach, palikuwa na tajiri ng'ambo ya bahari anayelipa nusu iliyobaki pasipo kunijua, na Mungu amzidishie alipopunguza.

Halafu wakaja wa pili, Taxify, waliotoka Tallinn huko Estonia, ambao Machi 2019 walibadilisha jina wakawa Bolt. Wafanyabiashara wakigombea mteja, mteja ananenepa. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, alikuwa akiweka simu mbili juu ya mashine, ya kwake na ya mkewe, anafungua programu hii kwenye simu hii na ile kwenye ile, anasubiri ipi itashuka kwanza, na wakati mwingine anaahirisha safari hadi kesho kwa sababu alihisi ofa nyingine iko njiani. Mtu ambaye maisha yake yote alipanda daladala akining'inia mlangoni alifikia mahali pa kulalamika kwamba gari aliloletewa halina harufu nzuri.

Mwaka 2023 Uber ikapata, kwa mara ya kwanza, faida ya uendeshaji ya mwaka mzima. Wenye hisa wakashangilia. Mimi nikashika mfuko, maana pesa haioti mtini. Ikiongezeka San Francisco, kwenye makao makuu yao, lazima kuna mahali imepungua, na mahali penyewe napafahamu kwa sababu ndipo ninapoweka funguo zangu.

Sasa nieleze ukomavu unavyoonekana kutoka Tabata. Chukua jioni moja ya masika iliyopita. Mvua inanyesha, mimi nimesimama chini ya kibaraza cha duka la dawa, na programu mojawapo, ambayo sitaitaja, imeniandikia kwamba dereva yuko umbali wa dakika nne. Namtazama kwenye ramani. Hasogei. Baada ya muda simu inalia.

"Habari za jioni, bosi. Unaelekea wapi?"

"Si imeandikwa hapo, kijana wangu? Posta."

"Sawa, bosi. Kwako inasoma ngapi?"

"Inasoma elfu nane."

Kimya. Nasikia vifuta kioo vinavyokwenda na kurudi, na redio ya mbali ikitangaza mpira.

"Elfu nane hainilipi, bosi. Weka kumi na mbili twende."

"Mdogo wangu, kompyuta imeshapanga bei."

"Kompyuta haijui foleni ya Buguruni."

Kwa hoja hiyo sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli kwamba foleni ya Buguruni wakati wa mvua hakuna anayeijua ila aliyemo. Nikamwambia kama hataki akatishe safari. Akaniambia nikatishe mimi. Nikamwambia anayekataa ndiye anayekatisha. Akaniambia kwamba yeye hajakataa, amependekeza. Hapo ndipo utaona elimu ya biashara iliyokomaa: dereva anayekatisha sana anaadhibiwa na kampuni, abiria anayekatisha anaweza kukatwa ada, kwa hiyo wote wawili tunakaa, yeye sheli na mimi kibarazani, kila mmoja akimngoja mwenzake afe kwanza. Kigari chake kilisimama kwenye ramani kikinitazama hadi mvua ikapungua, nami nikavuka barabara nikapanda daladala.

Nilipotulia nikapiga hesabu zake, na haki ya Mungu kijana ana sababu. Katika elfu nane, kampuni ikichukua robo, kinachobaki ni elfu sita. Hapo hajatia mafuta, hajanunua bando la kuiwashia hiyo ramani, na hajafikisha hesabu ya mwenye gari, ambaye naye huenda ni mwalimu mstaafu aliyeshauriwa na wanawe kwamba Toyota IST ni mtaji wa uzeeni. Kila mmoja wetu aliahidiwa kitu siku za posa. Dereva aliahidiwa bonasi ya wiki, mwalimu aliahidiwa hesabu isiyokosa, mimi niliahidiwa kiyoyozi. Leo nikiomba kiyoyozi naulizwa kama niko tayari kuongeza hela ya mafuta, na vioo vinashushwa ili tupate upepo wa Mungu, ambao bado haujapandishwa bei.

Serikali nayo haikukaa kando, kwa kuwa hakuna biashara inayokomaa kimyakimya bila mdhibiti kusikia harufu ya chungu. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni, yaani sehemu ya nauli inayokatwa na kampuni, kuwa 15%. Madereva wakafurahi. Uber ikasema kwa kiwango hicho haiwezi, na Aprili mwaka huohuo ikasitisha huduma. Vuta nikuvute ikaendelea hadi mwishoni mwa mwaka, ukomo ukapandishwa hadi 25%, na mapema mwaka 2023 wakarejea. Katika mazungumzo yote hayo mdhibiti alisikika, kampuni zilisikika na madereva walisikika. Mimi abiria nilikuja kusikia matokeo kwenye risiti.

Wala sitasahau aibu ya miezi ile. Mzee wa kijiweni kwetu, ambaye kwa miaka sita nilikuwa nikipita mbele ya teksi yake nikiwa nimeinamia simu kana kwamba nasoma habari za msiba, aliniona nikimjia na begi. Hakuinuka kwenye benchi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Kompyuta imekufa?"

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Naona leo una miguu."

Akanipima. Viatu, begi, saa ya mkononi. Kisha akataja bei ambayo bila shaka ilikuwa na riba ya miaka sita ndani yake, nami nikailipa pasipo kupunguza hata mia, kwa sababu kuna wakati mtu analipa nauli na kuna wakati analipa deni. Njiani aliniuliza mambo mengi kuhusu simu yangu: betri yake inakaa muda gani, inashika mtandao vizuri, ramani inatumia bando kiasi gani. Nilidhani ananidhihaki. Mwezi uliofuata alikuwa na simu kubwa kuliko yangu imebandikwa kwenye kioo cha mbele, ina programu tatu, na amejifunza kuzima zote mara tu anapoona abiria wa miguu anakuja.

Nairobi, anakokaa shemeji yangu, mambo yamekwenda mbele zaidi, kama kawaida yao. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa kamisheni kuwa 18%, lakini madereva wakaona bado bei za mtandaoni haziwafikishi popote, na mwaka 2024 baadhi yao wakaanza kutumia orodha ya bei waliyoichapisha wenyewe. Unaita gari kwa simu, simu inakupa bei, unaingia ndani, unakuta karatasi ina bei nyingine. Shemeji anasema ukiuliza, dereva anakuelekeza kwenye karatasi kwa heshima zote. Nikamwuliza sasa simu ina kazi gani. Akanijibu kwamba simu ndiyo inayowakutanisha mpate kubishana, na nikaona huduma hiyo kwa kweli ina thamani yake, maana zamani mtu wa kubishana naye ulimfuata kwa miguu.

Nisisahau nyota. Zamani abiria ndiye aliyempa dereva alama, akajiona hakimu. Kumbe na dereva anampa abiria. Alama yangu ni 4.6 na ya mama watoto ni 4.9, jambo ambalo limeharibu amani ya nyumba yetu kuliko siasa za ukoo. Kila tukikosana juu ya kitu chochote, iwe chumvi au karo, ananiambia taratibu, "Hata madereva wanakujua." Nimeanza kuwasalimia madereva kwa unyenyekevu ambao hata wakwe zangu hawakuupata, nikiwauliza habari za watoto wao, nikisifia muziki nisioupenda, nikifunga mlango kwa vidole viwili. Alama haijasogea.

Lakini ushahidi mkubwa kwamba tumezunguka tukarudi pale pale umetoka mbali sana, huko Yakutsk, Siberia, mji ambao baridi yake hupita nyuzi 40 chini ya sifuri. Watu wa huko walikasirishwa na madereva wa teksi waliopandisha bei baridi ilipozidi, na katika hasira hiyo ikazaliwa, mwaka 2013, kampuni ya inDriver, ambayo mwaka 2022 ilikata jina lake likawa inDrive. Ugunduzi wao mkuu ni huu: abiria anataja bei yake, dereva anataja yake, wanapatana. Ugunduzi huo umesafiri nchi kwa nchi hadi ukafika Dar es Salaam. Fikiria. Mimi niliyezaliwa Kariakoo, niliyetumwa na mama kununua nyanya nikiwa na miaka saba na kuambiwa nisirudi bila chenji, nimeletewa somo la kupatana bei na watu wanaoishi juu ya barafu, tena kwa kutumia bando langu.

Hata hivyo somo nimelipokea, na sasa programu za namna hiyo ni kadhaa. Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi Mbezi. Niliandika elfu kumi kwenye programu ninayoitumia; wa kwanza akajibu kumi na nane, wa pili kumi na sita, wa tatu hakujibu bei ila alinipigia kuniuliza kama barabara yetu ina matope. Nikapandisha hadi kumi na moja. Mama watoto, amevaa sare ya harusi tayari, akasimama mlangoni akauliza kama gari limefika.

"Bado tunapatana," nikamwambia.

"Na nani?"

"Kuna mmoja amefika kumi na nne. Ana nyota nne na nusu."

"Lipa," akasema. "Wewe mwenyewe una 4.6."