Mwanagenzi na .375: hesabu ya bunduki ya kwanza ya uwindaji

Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku Kenya mwezi Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuulegeza. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi anayenunua bunduki ya kuwindia anajua kwamba mazoezi ni kwenye viwanja vya shabaha vya Kirigiti au Stoni Athi, ilhali mnyama yuko Tanzania, Uganda, Zambia au Namibia. Silaha za kijeshi za nusu-otomatiki haziruhusiwi kwa raia. Mjadala uliobaki ni wa bunduki ya bolti, yaani ile unayoivuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi, na hasa wa kaliba, yaani upana wa risasi.

Rai inayosikika sana ni hii: nunua .375 H&H moja, umalize. Ina uzito wake. Kila bunduki ni ombi jipya mbele ya Bodi ya Leseni za Silaha, ni nafasi nyingine kwenye kasha la chuma, na ni kibali kingine kila unapovuka mpaka. Risasi ya .375, iliyotoka 1912, hubeba kichwa cha gramu 19.4 chenye nishati ya takriban jouli 5,700, na nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji wa nyati huitaja .375 kuwa kaliba ya chini kabisa. Hiyo hiyo inamwangusha pofu bila taabu, na hata swala pala haimharibu nyama kiasi watu wanavyodhani, kwa kuwa kichwa kizito kinachokwenda pole hakipasuki ovyo. Ukiifunga shabaha mita 100, yaani ukirekebisha darubini risasi igonge pale pale unapolenga kwa umbali huo, inashuka sentimita kumi na kitu tu ikifika mita 200. Kwa karatasi, hoja imekwisha.

Tatizo ni bega. Bunduki ya kaliba ndogo zaidi, .308, yenye kilo 3.4 hupiga teke la takriban jouli 22, ya.375 yenye kilo 4, takriban jouli 50. Mpigaji mzoefu huyavumilia hayo kwa sababu mwili wake ulishajifunza kutulia. Mgeni hujifunza kinyume: baada ya risasi sita au saba akiwa amekaa mezani, huanza kufumba macho na kuusukuma mtutu chini sekunde ile ile anapovuta triga. Haoni, kwa kuwa kishindo kinaficha kosa. Kipimo chake ni rahisi. Mwenzako akupakilie magazini, achanganye risasi halisi na za bandia bila wewe kujua mpangilio. Triga ikigonga ya bandia na mtutu ukadidimia, hapo kuna woga, na woga huo hauondoki kwa kupiga risasi zaidi za .375. Kinyume chake, unakomaa.

Kosa la pili hutokana na urefu. Risasi ya .375 ina milimita 91, ya .308 ina 71. Mgeni mwenye haraka havuti bolti mpaka mwisho, ganda tupu linabaki njiani, na bunduki inakwama wakati nyati aliyejeruhiwa anaingia kichakani. Muundo wa Mauser wa 1898, wenye ukucha unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, hupunguza hatari nyingine: ile ya kusukuma risasi nusu, kurudisha bolti, halafu kusukuma ya pili nyuma ya ya kwanza. Hauponyi mkono unaovuta nusu.

Upande wa kaliba ndogo nao una chumvi yake. Hutajwa Walter Bell, mwindaji wa zamani wa pembe za ndovu, aliyewaua tembo kwa mamia akitumia sana risasi ya 7×57. Mfano huo haumfai mtu yeyote anayeanza: Bell aliijua mifupa ya fuvu la tembo kama mchinjaji anavyojua viungo, na alikuwa mlengaji wa ajabu. Anayenunua .308 ajue wazi kwamba nyati hayumo kwenye mpango wa bunduki hiyo.

Hata hivyo, ukiniuliza, .308 au .30-06 ndiyo ya kwanza. Safari za mwanzo huwa za swala pala, ngiri, kongoni na nyumbu, na kwa hao kichwa cha gramu 10 hadi 11.7 kinatosha kikipita nyuma ya bega. Nyati akija baadaye, kambi nyingi hukodisha .375, na hapo hoja ya leseni moja inapoteza nusu ya nguvu zake. Mwenye nafasi ya leseni mbili aanze na .22 pamoja nayo. Mazoezi mengi yafanyike kwa hiyo ndogo, tena kwa kusimama na kuegemeza kwenye fito tatu, maana porini hakuna meza.

Dukani, acha kutazama nakshi za mbao. Fumba macho, iinue bunduki begani, fumbua. Picha ndani ya darubini iwe imejaa bila kusogeza kichwa. Ukiona mwezi mweusi pembeni, kitako hakikufai au darubini imefungwa mahali pabaya. Jicho likae sentimita 9 hivi kutoka kwenye kioo. Pungufu ya hapo,.375 itakupasua nyusi. Triga ya kilo 1.1 hadi 1.4 inatosha, nyepesi zaidi ni hatari kwa vidole vyenye baridi ya alfajiri. Darubini ya 3-9×40 (inayokuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40) kwa .308, au ya kukuza mara 1 hadi 6 kwa .375.

Shabaha ikihama, usilaumu mtutu kwanza. Kagua skrubu za vishikio vya darubini, kisha zile zinazobana chuma kwenye kitako. Mara nyingi mojawapo imelegea. Watu pia huuliza kama shabaha iliyofungwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, itafaa nyanda za chini. Ndani ya mita 200 tofauti ya hewa haionekani. Kinachoihamisha ni mtikisiko wa gari na mikono ya wabeba mizigo uwanja wa ndege, kwa hiyo piga risasi tatu kwenye karatasi siku ya kufika kambini. Na ikiwa ni ya kukodi, ijaribu wewe mwenyewe kwa risasi zile zile utakazowindia, uangalie pia kama kitako kinakutosha. Isipokaa begani vizuri, omba nyingine kabla mwindaji mkuu hajawasha gari.