Filimbi Tatu Mlimani Uluguru

Katika kabati la chumbani kwetu, hapa Sinza, kuna begi la mgongoni lenye mifuko kumi na minne ambalo mke wangu huwatambulisha wageni kwa jina la "marehemu". Nililinunua mwaka ule nilipoingiwa na wazo kwamba mhasibu wa makamo, mwenye kitambi na nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu, ni lazima ajue namna ya kuishi porini bila msaada wa mtu. Wazo hilo sikulipata porini. Nililipata ndani ya daladala, kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, nikitazama kwenye simu video za bwana mmoja mwenye ndevu ambaye huingia misitu ya Kanada na kisu kimoja, na kabla jua halijatua huwa ameshajenga kibanda, amewasha moto na amechoma samaki. Mimi kwa muda huo nilikuwa sijasogea hatua mia, nikamwonea wivu.

Kutafuta vifaa kulinichukua Jumamosi nne. Katika soko la mitumba la Karume nilipata buti za kupandia milima, za ngozi, nzito kama tofali, ambazo muuzaji aliniapia kwamba hazijawahi kukanyaga udongo. Aliapa kweli tupu, na huo ndio uliokuwa ubovu wake. Fundi viatu alikuja kunieleza baadaye, kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba, kwamba soli za poliyurethani, aina ya plastiki, zikikaa miaka mingi bila kuvaliwa huliwa polepole na unyevu wa hewa, zikawa kama mkate uliochacha, hata kama kwa nje zinang'aa.

Kariakoo nilinunua kisu cha komandoo. Mpini wake ulikuwa mtupu kama bomba, na ndani yake mlikuwa na njiti sita za kibiriti, ndoana mbili, uzi wa nailoni na waya mwembamba wa kutegea wanyama, ambao sikuwa na nia ya kuutumia lakini sikuona sababu ya kuutupa. Juu ya kifuniko cha mpini kulikuwa na dira ndogo. Nilipoizungusha dukani niligundua kwamba sindano yake haielekei kaskazini wala kusini bali inaelekea kwenye chuma cha kisu chenyewe, kokote kilipo. Nilimwonyesha muuzaji. Aliitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia, "Hiyo ni dira yenye nguvu, boss." Nikalipa shilingi 25,000.

Nikaongeza filimbi ya rangi ya chungwa, kijiti cha ferosiriamu, ambayo ni metali ya jamii ile ile iliyomo kwenye kijiwe cha kiberiti cha gesi na ukiikwangua hutoa cheche za joto la karibu nyuzi 3,000 za Selsiasi, pamoja na lile blanketi jembamba linalong'aa kama fedha, lililotokana na kazi za shirika la anga la Marekani, NASA, katika miaka ya 1960. Kwa upande wa elimu, nilichapisha kwenye steshenari ya mtaani mwongozo wa jeshi la Marekani kuhusu kuishi porini, kurasa mia mbili na zaidi, nikaufunga kwa ringi. Nilipata pia ramani ya Morogoro ya mizani ya 1:50,000, ambayo sentimita mbili ni kilomita moja. Nikapima kwa rula mezani, nikaona safari yangu yote haizidi urefu wa kiganja. Mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, iliyobanana kama ukili wa mkeka, niliiona pia, lakini rula haikuwa na la kusema juu yake, nami nikaiacha.

"Baba Watoto," mke wangu aliniuliza usiku nikifunga mizigo, "kwani huko Morogoro hakuna gesti?"

Niliteremka Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, Jumamosi asubuhi, mwezi wa Juni, nikaanza kupanda kuelekea Morningside, penye lile jengo la enzi za Wajerumani. Nilikuwa nimepanga kulala mahali fulani pembeni, nje ya mpaka wa hifadhi ya msitu, kwa kuwa sikuwa na kibali cha kuingia humo. Njiani nilipishana na akina mama wa Kiluguru walioteremka na vikapu vya mboga kichwani, wakitembea kwa kasi na kandambili kwenye mteremko ambao mimi nilikuwa nikiupanda kwa mikono na magoti. Mmoja alisimama, akaliangalia begi langu kwa huruma, akauliza, "Baba, unahama?"

Soli ya kulia ilibanduka kabla ya saa sita mchana, nzima, kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Ya kushoto ilimfuata mwenzake nusu saa baadaye. Nilizifunga zote mbili kwa kamba niliyotakiwa kujengea kibanda, nikaendelea, nikiwa na hakika kwamba ndivyo hasa mtu anavyotakiwa kupambana na mazingira.

Mnamo saa tisa alasiri niliacha njia ili nitafute mahali pa faragha pa kuwa porini, na muda mfupi baadaye ukungu ukaanza kuteremka. Wenyeji wa Uluguru wanaujua ukungu huo. Mimi niliudhani ni moshi wa mkaa. Jua lilikuwa bado linaonekana kwa mbali, hivyo nikafungua mwongozo, ambao ulielekeza kwamba mtu aliyepotea aelekeze mshale mfupi wa saa yake kwenye jua, kisha agawe katikati ya mshale huo na namba 12, na hapo atapata kusini. Tatizo la kwanza lilikuwa la lugha. Saa yangu ya mkononi ilionyesha tatu, mdomo wangu ulisema tisa, na nilikaa juu ya jiwe kwa dakika kadhaa nikijiuliza mwongozo unamwamini nani kati yetu. Tatizo la pili nililifahamu baada ya kurudi mjini: kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya watu wa nusu ya kaskazini ya dunia, ambao jua la mchana huwakalia upande wa kusini, ilhali Morogoro mwezi Juni jua la mchana huwa kaskazini. Mwongozo haukulificha jambo hilo. Ulilieleza vizuri kwenye ukurasa uliofuata, ambao mashine ya steshenari iliuruka.

Kwa hiyo nilitembea kwa kujiamini kabisa kuelekea nisikokujua. Nilitazama miti, kwa sababu yule bwana wa Kanada husema kwamba uoto laini wa kijani unaoshika magome hupendelea upande wa kaskazini. Kwenye milima ile yenye unyevu, uoto huo ulikuwa umeuvaa kila mti pande zote, kama soksi. Nilijipa moyo kwamba usiku nitaitafuta Nyota ya Kaskazini, nikiwa sijui kwamba mtu aliye nyuzi karibu saba kusini mwa Ikweta anaweza kuitafuta hadi Idi ijayo, kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho.

Giza lilipoingia bahati ilinikumbuka. Chini ya mti mmoja nilikuta rundo kubwa la majani makavu, kimo cha kifua, na juu yake yametandazwa majani mapana ya mgomba, kana kwamba upepo ulijua nitakuja. Mwongozo ulisisitiza kwamba ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa, na kwamba asiye na godoro atandike majani makavu kwa wingi. Nilitandika rundo lote. Sikujiuliza mgomba unatafuta nini porini. Mbwa alibweka mahali fulani karibu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba niko nyikani, nikamhesabu kuwa ni mbwa mwitu.

Ukaja moto. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu moto nilikuwa nimeusomea kuliko kitu kingine chochote. Nilijua kutoka kwenye kamusi kwamba ulindi ni kijiti kinachopekechwa kwa viganja, na wimbombo ni kipande cha mti mlaini kinacholazwa chini. Nilijua kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanapekecha moto hivyo hadi leo, na kwamba stadi wa kazi hiyo humaliza mapema. Nilipekecha kwa muda wa robo tatu ya saa. Ulindi ulikuwa umelowa, wimbombo ulikuwa umelowa, na kitu pekee kilichopata joto ni viganja vyangu, ambavyo vilitoa malengelenge manne. Kijiti cha ferosiriamu kilitoa cheche nzuri kama fataki, zikaangukia kwenye vijiti vibichi na kuzimika kwa adabu. Nikakumbuka kwamba moyo wa kuni huwa mkavu hata gome likiwa limelowa, nikachomeka kisu kwenye gogo na kukipiga kwa jiwe ili kipasue. Chuma kilibaki kwenye gogo, mpini ukabaki mkononi mwangu pamoja na dira, kwani chuma hakikuwa kimeingia ndani ya mpini. Humo zilikaa ndoana. Dira, ilipotengana na kisu, ilitulia na kuonyesha upande mmoja kwa mara ya kwanza. Sikuwa na nguvu za kuuliza ni upande gani.

Kati ya njiti sita za kibiriti, moja ilikubali. Niliutumia moto wake kuchoma kurasa za mwongozo, na ziliwaka vizuri sana kwa dakika tano. Ilikuwa sura ya kuwasha moto.

Nilijiviringisha ndani ya blanketi la fedha, nikalala. Blanketi lile hurudisha joto la mwili kwa mtu mwenye joto la kurudishiwa. Zaidi ya hayo, godoro langu lilikuwa na vijiwe vidogo vigumu visivyohesabika, vilivyonichoma mbavu kila nilipogeuka, nami niligeuka usiku wote. Mnamo saa saba za usiku, meno yakigongana, nilitoa filimbi. Nilikumbuka kwamba ishara ya dharura ni mapigo matatu, unanyamaza dakika moja, kisha unarudia. Nikapuliza tatu. Nikanyamaza. Nikapuliza tena tatu.

Kilichokuwa hakimo kwenye mwongozo ni kwamba filimbi ikilia usiku wa manane kijijini, sungusungu huelewa jambo moja tu: mwizi. Nilisikia filimbi ya pili ikinijibu kutoka chini, ya tatu kutoka juu, nikafurahi sana. Kisha nikaona tochi zisizopungua kumi zikija mbio kutoka pande zote, na nyuma ya kila tochi palikuwa na rungu au panga. Waliponimulika walisimama ghafla, kwa sababu nilisimama pia, nikiwa nang'aa kuanzia kichwani hadi miguuni, uso umejaa masizi ya mwongozo, mkononi nimeshika mpini usio na kisu.

"Mchawi!" mmoja alinong'ona.

"Mwizi!" mwingine akapinga.

"Ana waya wa mitego," akasema wa tatu aliyekuwa akimulika vitu vyangu. "Huyu ni jangili."

Akili yangu iliniacha, lakini malezi ya mama yangu hayakuniacha. Nikasema kwa sauti ya kutetemeka, "Shikamooni, wazee."

Palikuwa kimya. Kisha mzee mmoja, ambaye nafikiri kinywa chake kilijibu kabla yeye hajaamua, akasema, "Marahaba." Na mtu ukishamwitikia shikamoo yake ni vigumu sana kumpiga rungu hapo hapo. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Nafanya kazi gani, nikamwambia. Nafuata nini huku, nikaeleza kwa urefu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo marungu yalivyozidi kushuka na vicheko kupanda. Mwishowe alitoa kibiriti kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akawasha moto kwa njiti moja. "Mwanangu," akasema, "mbona hukupiga hodi?" Akaelekeza tochi yake. Nyumba ilikuwa hatua themanini kutoka pale, na mbwa mwitu alikuwa amefungwa mlangoni.

Ndipo mwenye nyumba, mama wa makamo aliyejifunga khanga mbili, akasogea na kumulika godoro langu. Alikaa kimya kitambo. Yalikuwa maharage yake, yamevunwa na magugu yake pamoja na maganda, yakarundikwa na kufunikwa yasubiri kupurwa Jumatatu. Kwa uzito wangu na kwa kugaagaa kwangu nilikuwa nimeyapura karibu nusu.

"Baba," akasema, "sasa hapa nikudai au unidai?"

Mwenyekiti aliisikiliza kesi palepale motoni. Yaliyopotea kwenye udongo yalikadiriwa, kazi niliyoifanya ikatolewa, na mhasibu nikatakiwa kuhakiki hesabu. Nililipa shilingi 9,000 na blanketi la fedha, ambalo mama alisema litamfukuzia ndege kwenye stroberi. Nililala ndani, kitandani, nikala ugali wa moto, na asubuhi nikaazimwa kandambili za kuteremkia, pamoja na kilo mbili za maharage nimpelekee mama watoto.

Mke wangu aliyamimina kwenye ungo, akayachagua, akanitazama mbavu zenye alama za bluu.

"Haya umeyapata huko huko porini?"

"Nimeyapura mwenyewe," nikamjibu.